Gunia na Feri

Seva yangu inakaa kabatini,
kati ya mitungi ya matango ya siki
na koti la marehemu Heino ambalo sijalitoa.
Umbo lake halizidi kitabu cha sala
lakini feni yake inakoroma kumshinda yeye.

Niliinunua Februari, bahari imeganda,
mtu wa Kärdla hana pa kwenda ila dukani na kaburini.
Nikasema: nahama majumba ya matajiri,
yale maghala ya chuma yanayokunywa mito mizima,
nikajitwike kamzigo kangu.
Abiria mmoja akishuka
si gari linapata nafuu?

Na mimi nimechambua barua posta
miaka thelathini na mmoja!
Mimi ndiye wa kufundishwa hesabu ya mizigo?

Barua za Tallinn zilikuja katika gunia moja.
Gunia moja, feri moja, meza moja,
kisha mikono yangu: hii ya daktari, hii ya mwalimu,
hii ya yule mlevi anayeandikiwa na benki tu.
Sasa fikiri kila barua ije na feri yake.
Ndicho nilichofanya.
Nilitoka guniani
nikadai feri.

Taavet wa kampuni ya simu alikuja kupima waya.
Akatazama namba, akakuna shingo.
"Bi Leelo, wanaokufuata wako kwenye seva mia tatu na kumi.
Ukiandika kwamba theluji imeanza
unaipeleka mara mia tatu na kumi.
Na ya wenzako, yaliyokuwa yakifika mara moja
kwa watu elfu wa nyumba ile,
sasa yanafunga safari nyingine kuja kwako peke yako."
Nikamwambia anywe chai.
Nilidhani ni maneno ya mtu anayeuza vifurushi.

Aprili nikaweka kiungo cha Maimu,
anayefuma glavu za sufu zenye nyota za pembe nane.
Ukurasa wake unaishi kwenye kikompyuta
juu ya friji ya mwanawe.
Nilitaka auze pea mbili, tatu.
Chai haijapoa,
seva mia tatu zinabisha hodi kwake,
kila moja kivyake, zote na swali lilelile:
kichwa cha habari ni kipi, picha iko wapi?
Hakuna iliyonunua glavu.
Seva haina vidole.
Ukurasa ukaanguka, Maimu akanipigia:
"Leelo, umeniletea harusi nzima
na mimi nimepika uji wa mtu mmoja."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Nilikuwa nimemtwisha huku nikimpongeza.

Mwezi wa Mei nikafungua mlango kwa majirani
wa Mtaa wa Mreteni. Wakaja kumi na mmoja,
pamoja na mchungaji, anayeandika kuhusu nyuki tu.
Sasa picha ya paka wa mtu wa Riga
inavuka bahari mara moja, tunaicheka kumi na wawili.
Taavet anasema hapo waya unapumua,
"kidogo," na vidole vyake viwili vinakaribiana
mpaka sioni mwanga katikati.
Diski inajaa, hata hivyo. Paka yule yule
amehifadhiwa katika kila kabati la Ulaya.

"Kwa hiyo utaizima?" akaniuliza.

Niliwahi kubeba kadi ya Krismasi
kilomita tisa kwa baiskeli, upepo usoni,
kwa bibi aliyekuwa amekwisha kuisikia salamu ile kwenye simu.
Sikumwuliza kama inastahili jasho langu.
Alitaka kuishika.

Siizimi. Ila sisemi tena
kwamba nimepunguza chochote.

Taavet alipokuwa akivaa viatu
alisema jambo moja zaidi: koti linaziba hewa,
ndiyo maana feni inahangaika vile.
Nimelisogeza, kiasi cha upana wa kiganja.
Sijalitoa.